Kiwanja Kilichopimwa kwa Mikono Yangu

Mikono yangu ni mirefu. Sisemi kwa kujisifu. Majisifu yangu yako kwingine, mtayasikia. Nikisimama wima nafunga kamba za viatu bila kuinama. Nikienda kwenye hitima, watu wa sinia la jirani hulivuta sinia lao upande wa pili. Ndiyo maana hapa Chumvini, kijiji chetu kilichoipita Tongoni kidogo ukielekea Pangani, hakuna anayeniita Hatibu, jina nililopewa na wazazi wangu. Wote, mpaka watoto wa chekechea, wananiita Babu Makasia.

Ujana wangu niliumalizia kwenye shamba la mkonge. Mchana nakata mkonge, jioni nalinda lango la timu ya shamba. Siku moja tulicheza Horohoro, pale mpakani. Mshambuliaji wao akaupiga mpira kwa hasira, ukapaa juu ya lango, ukapita juu ya uzio, ukawa unaingia Kenya. Nikaupeleka mkono huu wa kulia, nikaudaka ukiwa tayari uko ng'ambo. Afisa wa forodha akaja mbio kuniuliza karatasi za mpira. Mechi ilisimama saa nzima. Anayebisha akaulize Horohoro, ingawa waliokuwapo siku hiyo wamekwisha kufa wote, Mungu awarehemu.

Hiyo ni ya mpira. Hii ya leo ni ya mbio, na humu sikudaka kitu. Nilidakwa mimi.

Nianze na desturi yetu. Huku kwetu kamba za nyavu hununuliwa kwa pima. Pima moja ni urefu wa mtu aliyenyoosha mikono yote miwili, toka ncha ya kidole cha huku mpaka ncha ya kidole cha kule. Sasa, mikono ya nani? Hapo ndipo penye akili. Mnunuzi huja na mpimaji wake, na mnunuzi mjanja huja na mtu wa mikono mirefu. Nimewapimia wavuvi wa hapa miaka arobaini. Wenye maduka mjini walikuwa wakiniona nashuka kwenye gari wanafunga mlango na kutundika kibao: "Tumekwenda msibani." Wiki moja walifiwa mara nne.

Basi miaka mitatu iliyopita shule yetu ya msingi ilitaka kiwanja cha mbio. Ardhi tambarare tuliyo nayo ni moja tu, ule uwanda wa chumvi nyuma ya mikoko, mgumu kama sakafu. Mwalimu aliyekuwapo wakati ule akasema mzunguko mmoja uwe mita mia nne. Futi ndefu ya kupimia hatuna. Mtu mmoja akasema pima ni futi sita, wakapiga hesabu kwa kijiti mchangani, ikaja pima mia mbili na kumi na tisa. Nani apime? Kamati nzima ikageuka kunitazama mie.

Hakuna hata mmoja aliyejiuliza. Ndivyo tulivyozoea: kitu cha kijiji kikipimwa, apime Makasia, tupate cha kuzidi.

"Nyoosha, Makasia, nyoosha!" walipiga kelele. "Cha watoto hicho, usibane!"

Nikanyoosha mpaka mabega yakalia kama mlango wa zamani. Tukapigilia vigingi vya mkoko mzunguko mzima. Tukala pilau, nikapewa paja la kuku na cheo cha Mpimaji Mkuu.

Kamba ikizidi umefaidi. Lakini kiwanja si kamba. Kikizidi, ziada yake ni ya miguu ya mtoto. Hilo hatukuliona, kijiji kizima, pamoja na maimamu na wainjilisti wake.

Mtoto mwenyewe ni Mwanamkasi, binti wa Khadija, yule mama anayekaanga mihogo kwenye lango la shule. Miaka kumi na mitatu, darasa la sita. Mwembamba, hasemi sana, na akitumwa chumvi hurudi kabla mama yake hajakumbuka kwamba alitaka na pilipili. Kila jioni alikuwa kiwanjani, ushungi umefungwa nyuma ya shingo, suruali ya michezo ya kaka yake imekunjwa mara tatu kiunoni.

Mwalimu wake wa michezo ni Mwalimu Wilfred, aliyehamia kwetu mwaka jana kutoka Lushoto. Mtu mnyoofu kama rula. Anapima muda kwa simu yake, na akishasema namba, hata umlilie, haongezi wala hapunguzi.

Mwaka huu ikaja barua. Wilaya inachagua kikosi cha michezo ya shule za msingi. Msichana wa mita elfu moja na mia tano awe amekimbia chini ya dakika tano na sekunde arobaini, mwalimu aweke sahihi, na majina yafike kwa mratibu Ijumaa saa mbili asubuhi. Kwa Mwanamkasi ilikuwa mwaka huu au basi. Mwakani yuko la saba, na kwetu mtoto wa la saba hatoki kwenda michezoni. Anakalishwa na vitabu mpaka mtihani.

Jumatatu jioni nilikuwa nimeegemea baiskeli yangu kando ya kiwanja. Mwanamkasi akamaliza, mizunguko mitatu na robo tatu, akaja akiyumba.

"Sita na sekunde kumi na mbili," akasema Mwalimu Wilfred.

"Mwalimu, rudia kuangalia."

"Nimeangalia. Saa haina shangazi, Mwanamkasi. Haimpendelei mtu."

Watoto waliokaa kwenye vigingi wakaanza wimbo wao, ule walioutunga tangu mwezi uliopita: "Jina Kasi, mwendo kobe! Jina Kasi, mwendo kobe!"

Mwanamkasi akanywa maji, akajifuta chumvi iliyoganda kwenye miundi. "Kesho nakimbia tena."

"Kesho utapata sita na kumi na mbili," akasema mwalimu, bila ubaya. "Mwezi mzima unaipata hiyo hiyo. Kupumua unapumua vizuri, mikono safi, hatua safi. Sijui kinakwama wapi. Labda mwili wako ndio umefika hapo."

"Basi nitaipata nikiwa nimekimbia."

Wakamwimbia tena. Hakuwageukia.

Jumanne mchana nilikuwa naziba tundu la banda la kuku, maana kicheche amenifanya jamaa yake, nikasikia mtu amesimama nyuma yangu.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kusikia ya Horohoro?"

"Nimeisikia mara tisa." Akachuchumaa. "Babu, kiwanja chetu kimenenepa."

Nyundo ikanipiga kidole. "Kimenenepa vipi?"

"Jumapili alfajiri, malori bado yamelala, nilikwenda kwa shangazi Tongoni. Nikakimbia pembeni ya lami. Kule wameweka mawe ya kilomita. Toka jiwe mpaka jiwe nikahesabu hatua zangu: mia nane na kumi. Kurudi nikahesabu tena: mia nane na kumi. Sasa, kilomita moja kiwanjani ni mizunguko miwili na nusu, si ndiyo?"

"Ndiyo, kwa wanaojua hesabu."

"Jana nikahesabu. Mia tisa na tisa. Miguu ni ile ile, Babu."

"Labda kiwanjani panateleza."

"Pagumu kuliko lami."

"Labda jiwe la barabarani limewekwa vibaya. Hawa wa barabara nao..."

"Mawe ni mawili, Babu. Yote mawili?"

Nikashika msumari nikaanza kuutazama kama sijapata kuuona msumari maishani. Yeye alikuwa haangalii msumari. Alikuwa anaangalia mikono yangu, toka begani taratibu mpaka kwenye vidole, halafu toka kwenye vidole mpaka begani.

"Babu, hebu inyooshe."

"Leo bega linauma."

Kuku walikuwa kimya. Wao nao wananijua.

"Haya," akasema, akainuka akajipangusa. "Bega likipoa uniite."

Sikumwita. Nitawaambia ukweli, na ukweli kwangu ni kazi ngumu, sina mazoezi nao. Niliona aibu. Mtu mwenye cheo kimoja tu duniani, Mpimaji Mkuu, anaambiwa na mtoto wa la sita kwamba kipimo chake kibovu. Nikajisemea: watoto hesabu zao huwa zinapotea. Nikajisemea: Ijumaa ikipita yatasahaulika. Nikajisemea mengi.

Jumatano jioni nikapitisha baiskeli kule kiwanjani, eti natafuta mbuzi. Mbuzi sina. Mwezi ulikuwa unakaribia kujaa, bamvua linaanza, na bahari ilikuwa imekwisha kupenya kwenye mikoko na kulamba kona ya chini ya kiwanja. Mwanamkasi akakimbia hivyo hivyo, kila akifika ile kona maji yanamrukia mpaka magotini. Sita na kumi na tano. Mwalimu Wilfred akatia simu mfukoni, hakuandika kitu. Watoto wenyewe siku hiyo hawakuimba.

Mwalimu alipoondoka, yule mtoto akakaa kwenye kigingi muda mfupi, kama wa kumenya chungwa. Kisha akainuka, akaanza kukimbia tena peke yake. Hapimwi na mtu.

Aliponipita nikamwuliza, "Mwana, sasa unakimbilia nini?"

"Nikikaa, kigingi hakisogei."

Akapita. Mie nikabaki na kigingi changu. Nilikipigilia mwenyewe, kwa mkono wangu mwenyewe, na mtoto ananiambia hakisogei.

Alhamisi asubuhi nikamwendea fundi Noa, anayejenga vyoo vipya vya shule. Anayo futi ndefu ya kukunja kwenye kasha, mita hamsini.

"Noa, nipime."

"Sanda, mzee? Mbona unaonekana mzima?"

"Nipime mikono, mpuuzi wee."

Nikalala chali juu ya mifuko ya saruji, nikanyoosha. Noa akavuta futi toka kidole mpaka kidole, akasoma, akairudia, akapiga mluzi.

"Mita mbili na sentimita tano! Mzee, wewe si mtu, wewe ni mlango wa gereji."

"Na pima ya watu?"

"Futi sita? Mita moja na themanini na kidogo." Nikamweleza ya kiwanja, akatoa penseli sikioni akaandika kwenye mfuko wa saruji: mbili nukta sifuri tano, mara mia mbili na kumi na tisa. Akakaa akiitazama. "Mia nne arobaini na tisa. Kila mzunguko una karibu mita hamsini za bure. Mizunguko mitatu na robo tatu..." Akaandika tena. "Mita mia na themanini na ushee. Huyu mtoto wa Khadija anakimbia mpaka mwisho, halafu anakimbia na kwenda sokoni."

Saa nane mchana kamati ya shule ilikuwa imekaa darasani kuzungumzia uji wa wanafunzi. Mwenyekiti ni Asheri, baba mmoja wa Kishambaa, kwao Mlalo, miaka ishirini yuko kwenye mashamba ya chumvi hapa. Mwalimu Wilfred alikuwapo, Khadija alikuwapo. Nikaingia bila hodi nikiwa na kile kipande cha mfuko wa saruji, Noa nyuma yangu, nikasema yote. Kiwanja, mikono, mawe ya barabarani, Jumanne yote, Jumatano yote. Nikasema na paja la kuku.

 Wakacheka mpaka madawati yakacheza.

"Mgosi!" Asheri akaniita kwa lugha ya kwao, akafuta machozi. "Umewakimbiza watoto wetu miaka mitatu mita za bure! Hata punda wa chumvi hatumfanyii hivyo!"

"Nimekosa," nikasema.

Khadija hakucheka. "Sote tulisema nyoosha," akasema polepole. "Mie mwenyewe nilisema. Nilipiga na vigelegele."

Kicheko kikaisha.

Mwalimu Wilfred alikuwa anaisoma ile karatasi ya saruji kama anasahihisha mtihani. "Hesabu ni sawa," akasema. "Kwa hesabu hii muda wake uko chini. Lakini siwezi kupeleka hesabu. Fomu inauliza amekimbia kwa muda gani, haiulizi mikono ya mtu. Lazima akimbie mita elfu moja na mia tano za kweli, nimpime, niweke sahihi. Na fomu inaondoka kesho asubuhi."

"Akimbie leo basi," akasema Noa.

"Wapi?"

Tukatazama dirishani. Bamvua saa kumi jioni ndipo linapofika kileleni, na tayari kutoka pale darasani uliona kiwanja kinang'aa kama sinia. Vigingi vyangu vilikuwa vimebaki vichwa tu. Jumanne kulikuwa kukavu. Jumanne ningeinyoosha ile mikono, tungekuwa na siku mbili. Hakuna aliyelisema hilo. Wangelisema ningepumua.

"Barabarani?" mtu akauliza.

"Barabarani kuna malori," akasema Mwalimu Wilfred. "Simkimbizi mtoto wa mtu kati ya malori."

Asheri akajikuna kidevu. "Liko tuta. Tuta la mashamba ya chumvi. Linazunguka mashamba yote na kurudi karibu na pale linapoanzia. Gumu, na maji hayalipiti, ila pale penye bonde kidogo, upande wa mikoko."

"Tuta lina njia za mkato kila mahali," akasema mwalimu. "Mie nitakuwa mwanzoni na saa. Akipotea nyuma ya maghala ya chumvi, nitajuaje hakukata? Naweka sahihi yangu pale."

"Tuweke watu," akasema Khadija. "Kila inapoisha futi ya Noa, mtu mmoja."

Noa akahesabu kwa vidole. "Mita hamsini hamsini. Watu thelathini."

"Wapo," akasema Khadija, akainuka akatoka. Mihogo yake aliiachia kuku.

Sijapata kuona kijiji kinakusanyika hivyo bila msiba wala harusi. Walitoka akina mama wa ufukweni na ndoo zao, walitoka vibarua wa chumvi na miguu myeupe, walitoka wanakwaya wa Kilutheri waliokuwa mazoezini, mmoja bado anashika noti yake ya sauti ya pili. Wale watoto wa wimbo wa kobe nao walikuja, wakasimama mbali kidogo, hawajui kama wanatakiwa. Mwanamkasi mwenyewe akawaita, "Njooni, tunapungukiwa." Tukaswali Alasiri kwanza. Wasioswali wakatusubiri, wakichunga viatu.

Noa na Asheri wakapima. Mie nilitaka kushika ncha ya futi. Mwalimu Wilfred akasema, "Wewe mzee, mikono mfukoni." Suruali yangu mifuko yake haifiki kwenye vidole, lakini nilijitahidi. Kila futi ilipoisha, mtu akasimama hapo na kupewa namba yake. Walipofika kule bondeni, upande wa mikoko, maji yalikuwa yanapanda juu ya tuta kwa upana wa hatua mbili tatu, tope la chumvi linateleza kama sabuni. Ile ilikuwa namba ishirini.

"Pale pabaya nisimame mie," akasema Khadija.

Mwalimu akapaza sauti ili wote wasikie. "Kila mtu ataje namba yake akipitwa. Na hakuna kumgusa! Akianguka, akilia, akitapika, asiguswe. Atakayemgusa ameifuta mbio, na sisaini. Mama Mwanamkasi, umenisikia?"

"Nimekusikia, Mwalimu," akajibu Khadija toka mbali. Akaipitisha mikono nyuma na kuifunga kwa kanga yake mwenyewe, fundo la kweli.

Mie niliwekwa namba thelathini, mwisho, hatua chache toka kwa mwalimu. Mwanamkasi akaja akasimama mwanzoni. Alikuwa peku. Viatu alivivua, akaniwekea miguuni pangu.

"Babu, bega limepoa?"

"Limepoa, mwanangu. Nisamehe."

"Nikifika nitakujibu."

"Tayari," akasema mwalimu. "Haya!"

Akaondoka. "Moja!" wakaita. "Mbili!" "Tatu!" Sauti zikawa zinakwenda naye, moja inampokea nyingine, ya mzee, ya mtoto, ya yule mwanakwaya aliyetaja saba kwa sauti ya pili. Nyuma ya maghala akapotea machoni, lakini namba zilitufikia: kumi na moja, kumi na mbili. Mwalimu Wilfred anatazama simu, midomo inacheza. Sikumwuliza. Nilikuwa nimeshika viatu vya mtoto, pea nzima ndani ya kiganja kimoja.

Akatokea upande wa pili, mdogo kama sindano, maji meupe ya mashamba kati yetu na yeye. "Kumi na nane!" "Kumi na tisa!"

Kisha kimya.

Ishirini haikuitwa. Nikaona yule mtu mdogo hayuko juu ya tuta. Yuko chini, kwenye tope, na mbele yake kuna mtu mwingine amesimama wima, hana mikono.

Watu thelathini kasoro mmoja tukageukia kule. Halafu ikaja sauti ya Khadija, imevuka maji yote yale, sauti ya mwanamke anayeuza mihogo kwa watoto mia tatu kwa wakati mmoja.

"Sikugusi! Sikugusi, mwanangu! Inuka!"

Akapiga goti. Akateleza tena.

"Inuka, Kasi! Mikono yangu nimeifunga! Inuka mwenyewe!"

Akainuka. Nilimwona anasimama, anaweka mguu mmoja kama anajaribu maji ya moto, kisha wa pili. Kisha anakimbia.

"Ishirini!" Khadija akaita, na ile ishirini haikuwa namba, ilikuwa adhana.

Hapo kijiji kikapasuka. "Ishirini na moja!" "Ishirini na mbili!" Wale watoto wa kobe, waliowekwa ishirini na tatu mpaka ishirini na sita, walikuwa wanarukaruka kama samaki kwenye mtumbwi, wimbo wameusahau kabisa. "Kasi! Kasi! Kasi!" Alipopinda kona ya mwisho nikaiona damu gotini, imechanganyika na chumvi, na chumvi kwenye kidonda wanaoijua wanaijua. Uso wake haukuwa na kitu. Ulikuwa umefungwa kama dirisha la mtu anayefanya kazi ndani.

"Ishirini na nane!" "Ishirini na tisa!"

Viatu nikavitua chini, ule mkono mwingine nikautoa mfukoni. Nikainyoosha yote miwili, mita mbili na sentimita tano, ajue mwisho uko wapi. Sikumgusa. Akapita chini ya mkono wa kulia, ule wa Horohoro.

"Thelathini!" nikaita.

Mwalimu Wilfred akabonyeza simu. Akaitazama. Akamwonyesha Asheri, akamwonyesha Noa. Mwanamkasi alikuwa ameinama, mikono magotini, mgongo unapanda na kushuka.

"Tano," akasema mwalimu, "na thelathini na nane."

Mwanamkasi akainua kichwa. "Mwalimu, rudia kuangalia."

"Nimeangalia mara tatu. Saa haina shangazi."

Akatoa fomu mfukoni mwa shati, akaiweka juu ya mgongo wa Noa, akaandika jina, muda na sahihi hapo hapo, huku Noa akilalamika kalamu inamtekenya. Khadija akaja mbio toka namba ishirini, mikono bado imefungwa nyuma, fundo limekataa kufunguka. Ikabidi Asheri alikate kwa kisu cha kazi, na kanga yenyewe ilikuwa mpya.

Nikampa mtoto viatu vyake. "Ulisema utanijibu."

Akavivaa kwanza, kimoja kimoja, akafunga kamba. "Nimekusamehe, Babu. Lakini ile ya Horohoro sitaki kuisikia mwezi mzima."

Adhabu kali. Niliitumikia yote, siku thelathini, nikakonda.

Jumapili bamvua likapungua, kiwanja kikakauka, kamati ikaja na majembe na futi ya Noa kung'oa vigingi vyangu. Mwanamkasi akasimama mbele ya kigingi cha kwanza.

"Msiving'oe."

"Mwana, si ndivyo vilivyokutesa?" akasema Asheri.

"Wekeni vingine ndani, vya futi. Vya kupimia muda. Hivi viacheni, ni vya mazoezi."

Basi kiwanja chetu sasa kina mistari miwili ya vigingi. Wa ndani umepakwa chokaa, ni wa Noa, mita mia nne kamili, wa siku za saa. Wa nje ni mikoko mitupu, ni wa siku nyingine zote. Watoto wameupa jina. Wanauita Makasia. "Leo tunakimbia Makasia sita," wanasema, na kuguna, na kwenda. Cheo changu cha Mpimaji Mkuu nilinyang'anywa, lakini hicho kipya sijaona mtu wa kunivua.

Wilayani tulikwenda gari zima. Mwanamkasi akatoka wa pili, na wa pili anachukuliwa kikosini. Lakini si hilo lililonikaa. Alipovuka mstari hakuanguka kama wenzake. Aliendelea kukimbia. Akakata kona, akaenda kama futi moja ya Noa, mita hamsini nzima, waamuzi wanampigia filimbi, ndipo akasimama na kugeuka nyuma kama mtu aliyesahau kitu dukani.

"Vipi?" nikamwuliza alipotufikia.

"Uwanja wao mfupi, Babu. Nilikuwa bado nina zile mita zako."

Anayebisha hili asiende Horohoro. Aje Chumvini jioni yoyote baada ya Alasiri, mwenyewe yuko hai na yuko kiwanjani, mstari wa nje.